Bima ya Watu Wasiougua

Shangazi alimdharau wakala wa bima kuanzia viatu. Vilikuwa vyeusi, vimechongoka mbele kama mdomo wa kunguru, na vinang'aa. Hata yeye, ambaye siku hizo aliiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa, aliviona tangu vilipokanyaga kizingiti. Mtu anayekuja kwenye karakana ya makochi, mahali ambapo vumbi la sponji linaingia mpaka kwenye chai, amevaa viatu vile, huyo hajaja kusaidia mtu. Kaja kuchukua.

"Habari za kazi, mama?" wakala alisalimu.

"Kazi ipo," Shangazi alijibu. "Sijui yako."

Karakana ilikuwa ya ndugu watatu, waliachiwa na baba yao. Shangazi alikuwa wa kwanza kuzaliwa na ndiye aliyeshona. Watoto wa wadogo zake walianza kumwita Shangazi, jina likaganda, na sasa hata wateja waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Aliyemfuata aliitwa Mwenyekiti. Hakuna aliyewahi kumchagua kuwa mwenyekiti wa chochote, ila tangu utotoni hakuweza kuomba chumvi bila kuitisha kikao. Wa mwisho aliitwa Kitinda, mtu mpole aliyegonga fremu za mbao kutwa nzima, misumari midogo mdomoni, na labda ndiyo sababu alikuwa na maneno machache. Halafu alikuwepo mke wa Mwenyekiti. Shangazi alimwita Wifi, na neno hilo lilimtoka kinywani kama mtu anayetema kokwa.

Kazi ya Wifi ilikuwa kupokea wateja. Kwa maoni ya Shangazi, ilikuwa kukaa. Alipaka kucha rangi nyekundu ya kupigia kelele. Alicheka hata kabla ya kichekesho kumalizika. Na kila asubuhi, wakati ule ule wa kazi kupamba moto, simu yake ililia wimbo wa ngoma na tarumbeta, naye aliinuka na kipochi chake cha vipodozi, akaingia stoo, akatoka midomo imekolea rangi.

"Kaenda kujipodoa tena," Shangazi alikuwa akimwambia Kitinda. "Siku midomo ile ikikauka, serikali itatangaza ukame."

Kitinda aliguna tu. Na Wifi, aliyesikia kila neno kwa sababu Shangazi hakujua kunong'ona, alipita akitabasamu kana kwamba kaambiwa habari njema.

Sasa, kuna jambo lazima lijulikane kuhusu watu hawa, vinginevyo kilichotokea siku ile hakitaeleweka. Familia hii haikuwa inaugua. Ilikuwa inapata mafua. Kitinda alipoteguka kiwiko, mkono ukavimba kama boga, aliambiwa ana mafua ya mkono, akapakwa mafuta ya moto. Mwenyekiti alipolazwa kwa sababu ya tumbo, majirani walielezwa kwamba mafua yamemshuka. Neno hilo walilipata kwa baba yao. Miguu ya mzee ilipoanza kumkatalia, alisema mafua yamemwingia magotini, na akaendelea kusema hivyo mpaka siku aliyoshindwa kusimama.

Hapo ndipo Mwenyekiti, wakati huo kijana mwenye haraka zake, alipomtafutia mzee kiti pale kona, karibu na dirisha dogo. Akamwekea gunia la mabaki ya sponji ayachanechane yawe ya kujazia mito. "Ili asichoke kukaa bure," alisema. Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemuuliza mzee tena kitambaa kipi kinavumilia jua, au ubao upi umepinda. Wateja walimsalimu kwa sauti kubwa kama mtoto. Shangazi ndiye aliyempelekea chai. Kila alipomkuta anachana sponji, vipande vidogo vyeupe vimemjaa mapajani, aligeuza uso, akasema tu, "Chai hiyo, baba."

Mzee alifia kwenye kona ile, kwa maana ya kwamba siku zake zote za mwisho alikuwa pale. Kiti bado kipo.

Kwa hiyo mtoto wa jicho alipoanza kumziba macho, la kushoto kwanza, la kulia likafuata, Shangazi alijua la kufanya. Alinyamaza. Alikwenda peke yake kliniki ya macho upande wa pili wa mji, akamwambia daktari ana mafua ya macho. Daktari alimmulika, akacheka kwa upole, akamshika bega.

"Si mafua, mama. Ni mtoto wa jicho. Tunapasua, unaona kama zamani. Lakini usikae nalo."

Shangazi aliuliza gharama, akashukuru, akatoka. Pesa ya namna ile ilikuwa kwenye sanduku la karakana peke yake. Sanduku halikufunguliwa bila kikao, na kikao hakikukaa bila sababu. Sababu ikishasemwa, kona ipo. Kiti kipo. Sponji haikosekani.

Akabaki kushona kwa vidole. Vidole vyake vilijua mshono unapogeuka, vilijua kwa kupapasa mahameli imelalia upande gani. Na kulikuwa na jambo moja lililomsaidia ambalo hakutaka kulichunguza. Kila asubuhi alipokaa kwenye cherehani, alikuta kimto chake cha sindano kimejaa sindano zilizokwisha kutungwa uzi, zilizonyooka na zile zilizopinda za kushonea pembe. Nyuzi nyeusi upande huu, nyeupe upande ule, kahawia katikati, wala hazichanganyiki. Alijiambia anazitunga mwenyewe jioni halafu anasahau. Siku nyingine alijiambia ni Kitinda, maana Kitinda ana roho hiyo. Mara moja alikuta chembe nyekundu imeganda kwenye uzi mweupe, akalaani kitambaa cha mteja kwa kuchuja rangi. Hakuuliza. Ukiuliza, unaweza kujibiwa.

Bima ilikuwa wazo la Mwenyekiti. Alisikia kwamba karakana ya vitanda ya mtaa wa pili imewakatia watu wake bima ya afya, akakosa raha. Sasa wakala alikuwa ameketi kwenye kochi ambalo halijavalishwa kitambaa, na Kitinda, bila kuambiwa, alimchomekea kipande cha sponji mgongoni asichomwe na springi. Shangazi aliona hilo akasonya. Mtu anamtandikia kunguru.

"Mabibi na mabwana," Mwenyekiti alianza.

"Tuko watano," Shangazi alisema. "Bibi ni nani na bwana ni nani?"

"Dada, ni kikao."

Wakala alitoa mkobani kijitabu kinene, kinateleza, kimechapwa picha ya familia inayocheka kitandani hospitalini. "Hii inaitwa Dhahabu. Chumba cha peke yako, mzee. Televisheni. Chakula unachagua. Ukipata ajali mbali, helikopta inakufuata."

"Helikopta," Mwenyekiti alirudia polepole, kama mtu anayelamba asali kwenye kijiko.

"Itatua wapi?" Shangazi aliuliza. "Juu ya makochi?"

Kitinda alikaribia kumeza msumari. Wifi alicheka waziwazi, na Shangazi alichukia kwamba mtu wa kwanza kukielewa kichekesho chake alikuwa yeye.

"Huo mkoba una kingine?" Kitinda aliuliza alipopata pumzi.

Wakala alichomoa kijitabu chembamba chenye rangi ya uji. "Ipo hii, tunaiita ya Kawaida. Bei zinakaribiana. Hii ni wadi ya pamoja, televisheni hakuna. Ila inalipa dawa za kila siku kwa wenye maradhi ya muda mrefu. Na upasuaji inalipa, hata wa ugonjwa unaoingia nao, baada ya kusubiri miezi kadhaa. Sharti lake useme leo unaumwa nini. Ukificha wakaja kugundua, hawalipi."

"Na hiyo Dhahabu?" Shangazi aliuliza, akijifanya anakagua mshono.

"Dhahabu haigusi ugonjwa unaoingia nao, mama. Hata usubiri miaka. Ni kwa wenye afya."

"Basi umefika kwenyewe," Mwenyekiti alisema, akajipiga kifua. "Sisi, bwana, damu yetu ni chuma. Muulize yeyote mtaani. Baba yetu alikufa mzima."

"Alikufa mzima?"

"Kabisa. Alikuwa na mafua tu."

Shangazi alimtazama mdogo wake, au alitazama lile wingu refu lililokuwa mdogo wake, akaona jinsi anavyojitutumua. Alikuwa anawanadi ndugu zake kwa muuza bima kama mtu anayemtafutia binti yake mchumba. Mafundi wengine wakiuza kochi huficha mguu uliooza kwa kuugeuzia ukutani. Huyu alikuwa mnunuzi, na bado alikuwa anaficha miguu.

"Televisheni ya nini?" alisema. "Mtu anayeumwa hutazama dari. Tuchukue ya Kawaida."

"Kwani nani anaumwa humu?" Mwenyekiti aliuliza.

Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anakwangua sufuria.

"Nauliza tu, dada. Tutoe pesa nzuri kwa ajili ya dawa za nani?"

Shangazi aliuma uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Wakala alifungua kalamu. "Nina swali moja, naliuliza kwa kila mtu. Kuna ugonjwa wowote unaokusumbua?"

"Hakuna," Mwenyekiti alisema. "Andika hakuna, kwa wote."

"Samahani, mzee. Kila mtu anajibu mwenyewe."

"Mafua," Kitinda alisema. "Yakija."

"Na wewe, mama?"

"Mzima."

Wakala hakuandika. Aliiweka kalamu chini, juu ya goti lake, akangoja. Shangazi alidhani anapumzisha mkono. "Macho je, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nauliza kwa sababu kazi yako yote ni macho."

"Macho yangu yanaviona viatu vyako."

Walicheka wote, hata wakala mwenyewe. Shangazi alicheka nao, na huku anacheka aliiona kona kwa uwazi ambao hakuwahi kuona nao kitu kingine mwaka ule: kiti, gunia, vipande vyeupe mapajani. Kalamu ikishagusa karatasi ya Dhahabu, macho yake hayatapasuliwa. Baada ya hapo wingu litazidi kuwa zito, siku moja atashona mkono wa kochi kwenye mgongo wake, na Mwenyekiti ataitisha kikao.

Ndipo ngoma na tarumbeta zikalia.

Wifi aliinuka na kipochi chake kama kawaida. Shangazi alifungua kinywa kuuliza kama midomo imeshakauka. Lakini Wifi alisimama katikati ya karakana, akatazama mlango wa stoo, akarudi. Alikaa kwenye benchi, upande wa pili wa meza ya Shangazi. Akafungua kipochi, akatoa kidonge, akakiweka juu ya meza ya kukatia kitambaa, mbele ya kila mtu, na kengele ya simu ikiendelea kupiga matarumbeta yake.

"Presha," alisema. "Tangu mimba ya mwisho. Andika, kaka."

"Presha gani?" Mwenyekiti alisema. "Una mafua wewe."

"Sina mafua. Mafua nimeyakuta kwenu. Nimeyameza mpaka yananitokea puani." Alizima simu, akameza kidonge kwa chai iliyopoa. "Kila siku naingia stoo kama mwizi wa sukari. Nikitoka lazima nipake rangi ya mdomo, niwe na cha kusema nilichokwenda kufanya. Nimemaliza rangi za duka zima."

"Unanitia aibu mbele ya mgeni."

"Mgeni kauliza. Wewe hukuwahi kuuliza."

Mwenyekiti alikimbilia pale alipozoea. "Haya. Mtu mmoja hawezi kuangusha kikao. Wewe dawa zako tutaziangalia kando. Tupige kura. Mimi, Dhahabu."

"Kawaida," Wifi alisema.

Kitinda alitazama vidole vyake. "Mimi namfuata dada."

Basi wote wakamgeukia Shangazi. Jambo lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana. Angeweza kusema "Kawaida" kwa jina la Wifi, akaonekana mwema, kikao kikafungwa. Ingekuwa mara ya kwanza kumtendea mke huyo wa mdogo wake jambo la heri, na angelitumia hilo kumsimanga miaka kumi. Ila wakala alishasema: ukificha, hawalipi. Kadi angekuwa nayo. Macho asingekuwa nayo. Lakini bado angekuwa kwenye cherehani yake, si pale kona. Siku zingine zijitafutie zenyewe.

Alifungua kinywa kusema neno hilo moja. Ndipo alipoona kitu chekundu kinatembea.

Ilikuwa mikono ya Wifi. Kucha zile za kupigia kelele ndicho kitu pekee upande wa pili wa meza ambacho macho yake yaliweza kukifuata. Wifi alikuwa anamtazama mumewe, uso umekaza, hana habari na mikono yake, na mikono ilikuwa inafanya kazi iliyoizoea. Ilichukua sindano tupu kutoka kwenye kimto. Ilitafuta uzi, ikaulowesha ncha, ikatunga mara moja, ikapiga fundo, ikachomeka upande wa nyuzi nyeusi. Ikachukua nyingine. Mtu hafanyi hivyo bila kuangalia isipokuwa amekwisha kufanya mara nyingi, asubuhi nyingi, kabla mwenye kimto hajafika.

Shangazi alikumbuka ile chembe nyekundu aliyoilaani.

Huyu mwanamke alikuwa anajua. Alijua pale aliposimangwa kwa ajili ya midomo, alijua pale alipoitwa mtu wa kukaa tu, na neno moja tu lilitosha kumnyamazisha Shangazi mbele ya watu: "Kwani wewe unaona?" Hakulisema. Hata leo, alipokuwa anajivua nguo mbele ya mgeni, hakumvua na mwenzake. Kaacha nafasi wazi, basi, kama mtu anayesogea kwenye benchi.

Dharau ni kitu kizito, na mtu akiibeba miaka mingi hadhani ni mzigo, anadhani ndio mgongo wake. Shangazi alihisi imekosa pa kukaa. Aliitafutia mtu mwingine wa kumpa. Wakala? Aliikumbuka ile kalamu juu ya goti, ikimngoja aseme kweli. Ikabidi aipokee kiasi chake mwenyewe, na iliyobaki, ambayo haikuwa haba, akamwekea Mwenyekiti.

"Wewe mwenye viatu," alisema. "Rudia swali langu."

"Lipi, mama?"

"La macho."

Wakala alishika kalamu. "Macho yako yanakusumbua?"

"Nina mtoto wa jicho. Yote mawili. Daktari kasema ni ya kupasua. Andika vizuri, na usije ukaniandikia mafua."

Wifi aliinamisha kichwa haraka, akajitia anatafuta kitu kwenye kipochi.

"Lakini dada," Mwenyekiti alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa ya kikao. "Unashona. Kila siku unashona."

"Nashona kwa vidole. Na kwa vidole vya watu."

"Basi itabidi upumzike. Hata usijali, tutakutafutia kiti pale…"

"Kiti hicho kalia wewe. Si ndiye mwenyekiti?" Alisema bila kupandisha sauti. "Nitangoja hiyo miezi nikiwa hapa hapa. Nikikosea mshono, nitaufumua. Nani alimpa baba nafasi ya kufumua? Tulimweka pale kwa sababu sote tulikubali ni mafua. Mimi nikiwa wa kwanza. Kura yangu, Kawaida."

Kitinda alianza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya fremu. Ndugu zake walimngoja. Ilikuwa nadra kumwona mdomo mtupu.

"Mimi mgongo," alisema.

"Tangu lini?" Shangazi na Mwenyekiti waliuliza pamoja.

"Tangu lile kochi la hoteli. Halikupita mlangoni, tukalipandisha kwa ngazi. Usiku siwezi kujigeuza."

"Na hukusema!"

"Ningemwambia nani? Nyie wote wazima."

Wakala aliandika. Mwandiko wake, ambao Shangazi hakuweza kuuona, ulisikika ukienda polepole kama wa mtu anayejali. Halafu alimgeukia Mwenyekiti. "Na wewe, mzee?"

Mwenyekiti alinyoosha shati. Alitazama kijitabu cha Dhahabu, ile familia inayocheka kitandani. "Mimi, nashukuru, mzima. Labda mafua kidogo. Ya tumbo."

"Vidonda vya tumbo," Wifi alisema. "Andika, kaka. Halali bila maziwa."

Mwenyekiti hakukataa. Alikishika kile kijitabu kinachoteleza, akakifungua penye picha ya helikopta, akapitisha kidole juu yake, akamrudishia wakala kama mtu anayerudisha pete. Kwa shingo upande alitia sahihi kwenye karatasi yenye rangi ya uji, akatangaza kikao kimefungwa, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza, maana Kitinda alikuwa anafundishwa na wakala namna ya kuinama bila kuumiza mgongo. Wakala aliondoka viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi la sponji. Shangazi aliona weupe huo ukivuka kizingiti, akaona vimependeza zaidi hivyo.

Wateja walikuwa wanangoja kochi lao la kahawia. Shangazi alivuta kiti, akaweka mguu kwenye cherehani, akaacha. Alichukua sindano tupu kutoka kwenye kimto, akanyoosha mkono nayo juu ya meza, kuelekea kwenye kile chekundu.

"Wewe mwenye kucha," alisema. "Nitungie hii. Uzi wa kahawia. Na usinipakie rangi yako."

Wifi alisita. Alitupa jicho kwa mumewe, kwa Kitinda, kwa mteja aliyekuwa anachungulia mlangoni. "Niache, wifi," alinong'ona. "Nitakuja kuzitunga zote asubuhi, kama siku zote."

"Sitaki za asubuhi," Shangazi alisema, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona. "Tunga sasa, watu wakiona."